Mchoraji Arithi Nini kwa Alunga?

Mhadhara kwa wachoraji vijana, walimu na wazee wa Baraka



Nimeombwa nizungumze juu ya mchoraji anayetia mapokeo ya babu zetu katika sanaa dhahania, ile sanaa ambayo mtu huitazama kisha akauliza, "Sasa hii ni nini?" Ombi lenyewe limebeba dhana kwamba vitu hivi viwili vilitoka mbali na mbali: mapokeo yalishuka milimani Fizi, udhahania ukaja na meli ya Mzungu, vikakutana kwenye turubai. Dhana hiyo nitabishana nayo. Udhahania ulikuwa hapa kabla ya meli. Mchoraji wa Baraka anayeanza kuutafuta Paris ni mtu anayekwenda kuchota maji mbali ilhali ziwa liko mlangoni pake.

Nianze na alunga. Nitasema yale tu yaliyokwisha kuandikwa vitabuni na kuonekana kwenye makumbusho. Wazee walioketi hapa mbele wanajua mengine, na si kazi yangu kuyamwaga hadharani, tena mbele ya watu ambao kwa desturi hawakupaswa kuyasikia. Alunga ni chama cha wanaume wa Kibembe, na kinyago chake, ibulu lya alunga, hakikuwa cha kuanikwa. Kilifichwa mbali na macho, kikatoka kwa siku yake, na aliyekivaa alibadili sauti ili asijulikane ni mwana wa nani.

Basi tukitazame kama mafundi. Ni gogo lililokombwa likawa tupu ndani, linavaliwa kichwa kizima. Lina nyuso mbili: mmoja mbele, mmoja kisogoni. Kila uso ni macho matupu, karibu niseme hivyo. Mashimo mawili mapana ya mviringo, yamepakwa udongo mweupe, na katikati ya kila shimo mchongaji ameacha kipande cha mti kimesimama, mara nyingi kwa umbo la msalaba. Pua na mdomo, vikiwapo, ni vidogo; havishindani na macho. Juu kuna manyoya ya ndege na miiba ya nungunungu. Chini, nyuzi nyingi zinamfunika mchezaji hata asijulikane mwili unaanzia wapi.

Sasa angalieni alichokifanya mchongaji. Jicho la mtu limetuna. Yeye amelibonyeza ndani. Mboni ya mtu ni duara. Yeye ameisimamisha kama mti njia panda. Kwa nini? Jibu la sirini silijui wala silitafuti, lakini jibu la mkono na nuru naweza kulitoa. Shimo likibonyezwa, kivuli hukaa ndani yake. Mchezaji akigeuka, jua hupiga pembe nyingine, na kivuli cha ule msalaba huzunguka juu ya weupe wa udongo. Jicho linatazama bila kuwa na kope wala mboni ya kweli. Hakuna mnyama wala binadamu mwenye uso huo, na bado mtoto akiuona hana haja ya kuambiwa kwamba anatazamwa. Na kwa kuwa nyuso ni mbili, hakuna mahali pa kujificha nyuma yake. Kinyago hiki hakina nyuma.

Hiyo ndiyo sanaa dhahania, ndugu zangu. Fundi ameshika jambo moja, kutazama, akaondoa yote yasiyotazama. Hakuhitaji mwalimu wa Ulaya amwambie kwamba uso si lazima ufanane na uso. Picasso alipoingia katika makumbusho ya Trocadéro kule Paris mwaka 1907 na kuvikuta vinyago vya Afrika, alikuwa anakutana na watu waliokwisha kulifanyia kazi swali lake kwa muda mrefu. Wanahistoria wa Ulaya hupenda kusema kwamba vinyago vilimsaidia Picasso kugundua. Mimi nasema alijifunza, na kujifunza si aibu, ila mwalimu atajwe.

Hapa wapo watakaouliza: alunga ni ya nani hasa? Nalijua swali hilo na najua linavyoweza kuwasha moto katika mji kama huu. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti kwa Wabembe na Warega tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, aliandika makala juu ya sanaa ya Kibembe mwaka 1972. Mwaka 1981 akatoa kitabu kizima juu ya sanamu za wahenga zinazotajwa kuwa za Wabembe, za Basikasingo au za Babuyu. Kitabu hicho kinasumbua, na kinasumbua vizuri. Kinaonyesha kwamba kibandiko kilichobandikwa kwenye kabati la makumbusho, chenye jina moja la kabila moja, hakitoshi: watu walihama, wawindaji walitangulia, waliofuata wakachukua kwao, wakaoana, wakaigana. Kwa mchoraji hiyo ni habari njema. Hakuna mzee wa ukoo mmoja anayeweza kumwambia kijana wa ukoo mwingine, "Mstari huu si wako."

Sasa tutoke Fizi kidogo, twende Kasai, maana huko ndiko alikoishi mchoraji ambaye kisa chake kinafaa zaidi mada ya leo. Jina lake limeandikwa kwa namna nyingi: Djilatendo, Tshelantende, Tshyela Ntendu. Kazi yake ilikuwa ushonaji. Alikuwa fundi cherehani huko Ibanshe, katika nchi ya Wakuba. Kumbukeni hilo la cherehani, tutalirudia.

Habari yenyewe inaanzia Bukama, Katanga, mwaka 1926, pale ofisa wa kikoloni wa Kibelgiji, Georges Thiry, alipoziona nyumba zilizochorwa ukutani. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, na picha zikasafiri hadi Brussels kwa ofisa mwingine, Gaston-Denys Périer. Antoinette, mke wa Lubaki, naye alichora, ingawa wengi wanaolitaja jina la mumewe husahau la kwake. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels. Baadaye Thiry alimkuta Djilatendo, akampa karatasi na rangi vilevile.

Lubaki alichora watu, wanyama, safari. Djilatendo naye alichora watu na wanyama, lakini ana karatasi ambazo hazina mtu wala mnyama. Zina safu za pembe nne zilizolala ubavu, mistari ya kwenda na kurudi, nukta, rangi moja ikiijibu nyingine, kutoka ukingo hadi ukingo. Anayezijua nguo za Kikuba huzitambua mara moja. Kule wanaume hufuma kitambaa cha rafia, wanawake hukitarizi, na mwanamke mwenye mkono wake huanza na mchoro mmoja, akifika katikati akauvunja kwa makusudi, akaingiza mwingine. Kitambaa kinachofuata mchoro uleule mwanzo hadi mwisho kinamchosha mtazamaji wa Kikuba. Djilatendo alilijua hilo kwa vidole vyake: fundi cherehani hushinda na kitambaa magotini.

Mwanahistoria Jan Vansina amesimulia kisa kimoja cha Wakuba ambacho ningependa kila mchoraji akibebe mfukoni. Miaka ya 1920 wamisionari walimletea mfalme pikipiki, wakidhani atastaajabu. Mfalme hakuijali sana ile mashine. Kilichomvutia ni alama ya tairi mchangani. Akaamuru mchoro ule unakiliwe, nao ukaingia katika hazina ya michoro ya Wakuba. Mnaona? Wageni walileta chombo. Wenyeji wakaona mstari. Mtu ambaye jicho lake linafanya kazi hivyo hahitaji kufundishwa udhahania.

Mwaka 1931 kazi za Djilatendo zilionyeshwa Brussels pamoja na za René Magritte na Paul Delvaux, wachoraji ambao leo kila mwanafunzi wa sanaa Ulaya anawajua. Henri Matisse, Mfaransa, naye alikuwa na vitambaa vya Kikuba alivyovikusanya na kuvitundika ukutani alikofanyia kazi. Basi tuwaweke wawili hawa ubavu kwa ubavu. Matisse anatazama kitambaa cha Kikuba, anakata maumbo ya karatasi yenye rangi, anaitwa mwanasanaa wa kisasa. Djilatendo anatazama kitambaa kilekile, anapaka maumbo ya rangi juu ya karatasi, anaitwa mchoraji wa asili, wa kienyeji, asiye na hatia. Tofauti haiko kwenye karatasi. Iko kwa aliyeandika kibandiko. Ilibidi tungoje hadi mwaka 2015, maonyesho ya "Beauté Congo" pale Fondation Cartier, Paris, yaliyohesabu sanaa ya kisasa ya Kongo kuanzia 1926, ndipo majina ya Lubaki na Djilatendo yalipowekwa mwanzoni mwa historia badala ya kwenye tanbihi. Wote wawili walikwisha kufa zamani, na uhusiano wao na Brussels ulikuwa umekatika tangu katikati ya miaka ya 1930. Karatasi zilikoma kuja. Picha nazo zikakoma kwenda.

Nimekaa Kasai kwa muda kwa sababu kisa kile kina jibu la swali langu. Djilatendo hakuchora picha ya nguo ya Kikuba. Hakuchora mwanamke amevaa nguo ile akicheza ngoma. Alichukua kanuni yake, jinsi mchoro unavyotembea, unavyovunjika na kuendelea, akaifanyia kazi kwa rangi ya maji. Picha na kanuni ni vitu viwili. Mwenye kurithi picha anaweza kuinakili hadi uzeeni. Mwenye kurithi kanuni anaweza kutengeneza kitu ambacho babu yake hakukiona na bado babu angekitambua.

Turudi upande wa Kiswahili, Lubumbashi, iliyoitwa Élisabethville. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua karakana iliyojulikana kwa jina la "Le Hangar". Bela Sara, aliyekuwa mtumishi wake, alichora kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, akajaza kila nafasi nukta na majani. Na Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa 1925 na kufa 1999, ndiye ninayetaka mumtazame kwa makini mkipata kitabu chenye picha zake.

Mwenze hakupaka rangi ikajaa. Alipiga mistari mifupi, sambamba, bega kwa bega, kwa rangi za udongo: kahawia, manjano iliyofifia, nyeusi, nyeupe. Mwindaji ni mistari. Mnyama ni mistari. Hewa iliyo kati yao nayo ni mistari. Mara nyingi kinachomtenga mtu na kilicho nyuma yake ni mwelekeo tu: hapa mistari inalala, pale inasimama. Mtu wa kwetu aliyezoea kusuka ukindu akiitazama anauona mkeka, na kweli ndivyo mkeka ulivyo: ua la mkeka na mwili wa mkeka ni ukindu uleule, umepita njia nyingine. Mwindaji wa Mwenze anaonekana, halafu ukikaza macho anapotea ndani ya msuko, halafu anarudi. Huyo ni mchoraji aliyesimama mlangoni kati ya hadithi na udhahania, na hakuona haja ya kuchagua upande.

Romain-Desfossés aliwaambia wachoraji wake wasiige Ulaya, watazame maisha yao wenyewe. Wengine humsifu kwa hilo. Mimi namsifu nusu. Kumpa mtu rangi na kumwacha huru ni jambo jema; kumkataza asione picha za wengine kwa kudhani kwamba macho yake ya Kiafrika yatachafuka, huo ni ulinzi wa baba asiyetaka mtoto akue. Alikufa mwaka 1954, karakana ikaunganishwa na Akademia ya sanaa ya Laurent Moonens, na Mwenze mwenyewe akawa mwalimu. Hakuchafuka.

Kuna jambo lazima tuliseme wazi, kwa sababu vijana hamli mistari. Picha dhahania hainunuliwi kirahisi kwetu. Katika nyumba za Katanga miaka ya 1970, watu walitundika sebuleni mamba-muntu, yule mwanamke wa majini mwenye nywele ndefu, au picha ya "Colonie belge" yenye mfungwa na fimbo. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora juu ya turubai la magunia ya unga, alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zaidi ya 100 zinazosimulia historia ya nchi, akizieleza kwa Kiswahili cha kule. Picha za namna hiyo ziliitwa ukumbusho. Mnunuzi alitaka picha itakayompa la kusema mgeni akiingia. Hilo si ujinga. Watu waliopitia kimbia-kimbia ya vita vya 1964, vya 1996 na vilivyofuata, watu wenye ndugu zao katika kambi ya Nyarugusu ng'ambo ya ziwa, wana sababu ya kutaka picha inayokumbuka kwa sauti.

Lakini alunga nayo ilikuwa na kumbukumbu, na haikusimulia. Iko kumbukumbu ya kusema na iko ya kutazamana kimya. Mchoraji wa Baraka anaweza kuchagua ya pili akijua kwamba mfuko wake utakuwa mwepesi kwa muda. Wachonga vinyago wa Kimakonde kule Dar es Salaam walipata soko hata kwa mtindo wa mawingu, vipande vya mpingo vilivyopindapinda bila mtu wala mnyama, kwa sababu walikuwa na watalii. Sisi watalii hatuna. Tuna wafanyakazi wa mashirika, ambao hununua kitu kidogo kinachoingia katika begi.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Mgeni anataka "kitu cha kwenu", na kijana anamchorea kinyago katikati ya turubai, nyuma machweo ya Tanganyika, pembeni mtumbwi. Mtego huu si mgeni. Enzi ya Mobutu, siasa ya authenticité ilipoamuru kila kitu kiwe cha asili, picha nyingi zilijaa vinyago vilivyopakwa kwa rangi ya mafuta kama vile kuchora kinyago ndiko kuwa Mwafrika. Baadhi zilikuwa kazi za mikono hodari. Nyingi, kwa macho yangu, zilikuwa vitambulisho vilivyotiwa fremu. Alunga ikishachorwa ikiwa imesimama tuli, ya mbele tu, imeshapata nyuma, yaani imekwisha kuacha kuwa alunga.

Mchoraji mwenye kuishika kanuni angeuliza maswali mengine. Nitafanyaje turubai lisiwe na upande wa kujificha? Labda alichore pande mbili, alitundike katikati ya chumba. Nitafanyaje weupe uwe shimo na si doa? Hapo hata rangi ya duka inatosha: rangi ya mafuta ya kupakia milango inayouzwa sokoni hapa inang'aa mno, lakini udongo mweupe uliochanganywa na gundi hufyonza nuru, na ukiweka hivi viwili karibu, kinachong'aa kinasogea mbele na kisichong'aa kinarudi ndani. Jaribuni kwenye kipande cha gunia kabla ya kuharibu turubai. Nitafanyaje jicho ligeuke bila mtu kuligeuza? Mti mwembamba uliobandikwa juu ya turubai hutupa kivuli, na kivuli hutembea kuanzia asubuhi hadi jioni bila kuombwa. Haya ni maswali ya fundi. Hayana siri ya mtu ndani yake. Kwa hiyo nadhani wazee wanaweza kuyaruhusu hata pale wanapokataa kinyago chenyewe kichorwe. Wakikataa, waheshimiwe. Serikali ya kikoloni iliwahi kukipiga marufuku Bwami, chama cha kimila cha Warega, mwaka 1933 na tena 1948. Vitu vya kimila vikatoka mikononi mwa wenyewe, vingi vikaishia kwenye kabati za vioo. Mzee anayeogopa kuviona vikitoka tena, safari hii kwa brashi, ana haki yake.

Ugumu mkubwa uliobaki ni wa kutazama. Mchoraji wa Brussels akitaka kuona kinyago cha Kongo hupanda tramu hadi makumbusho ya Tervuren. Kijana wa Fizi hana pa kwenda. Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kikawekwa katika makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa 2019, lakini hata hapo kilikuja kwa mkopo usio na mwisho, na Kinshasa kwa mtu wa Baraka ni mbali kuliko Dar es Salaam. Alunga zilizo Ulaya na Marekani hazikutajwa katika safari hiyo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, nalielekeza kwa walimu. Picha za vinyago hivi zipo katika vitabu na katika intaneti. Nyingine zimepigwa mbele na ubavuni, chache zimepigwa nyuma. Zichapwe kwa karatasi kubwa, kwa ruhusa ya wazee, zile watakazosema zinaweza kuonekana na wote. Zibandikwe darasani pamoja na karatasi moja ya Djilatendo na mwindaji mmoja wa Mwenze. Mwanafunzi asiambiwe anakili. Aambiwe atafute mistari inakogeuka, na aeleze kwa Kibembe, kwa Kiswahili au kwa Kifaransa kwa nini inageukia pale.

Nimeongea vya kutosha. Vijana, picha zenu mlizoleta ziko ukutani, na baadhi yake zina kinyago katikati na machweo nyuma. Wenye nazo wamekwisha kujijua, na nadhani wana la kunijibu. Tuanze na wazee, kisha wao.